Jujutsu Kaisen: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yamepangwa kufuata safari ya mtazamaji. Ya mwanzo hayatakuharibia uhondo. Ukikaribia yanayogusa tukio la Shibuya, pambano kubwa la msimu wa pili, utaonywa, na baada ya hapo ukiendelea ni hiari yako.

Anime hii inahusu nini?

Yuji Itadori ni mwanafunzi wa sekondari mjini Sendai, kaskazini mashariki mwa Japani. Mwili wake una nguvu kupita kiasi, lakini habari za laana hazijui. Wenzake wa klabu ya mambo ya mizungu wanafungua kifurushi chenye kidole kikavu cha mtu, mapepo wanavamia shule usiku huo huo, na Yuji anakimeza kidole ili apate nguvu ya kuwaokoa. Kidole hicho ni cha Ryomen Sukuna, mfalme wa laana aliyetisha kuliko wote zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Sasa Sukuna yumo ndani ya Yuji.

Sheria ya wanajujutsu, yaani watu wanaopambana na pepo wa laana, inataka mtu wa namna hiyo auawe papo hapo. Mwalimu Satoru Gojo anaomba hukumu iahirishwe: vidole viko 20, Yuji avimeze vyote kwanza, kisha auawe na Sukuna afe naye. Wakubwa wanakubali. Basi kijana anaanza shule akiwa amekwisha kuhukumiwa kifo, na masomo yake yote ni mafunzo ya kupambana na pepo wa laana.

Nani ameitunga, na iko kiasi gani?

Mtunzi ni Gege Akutami. Manga, yaani hadithi ya michoro, ilichapishwa kwenye jarida la Weekly Shonen Jump kuanzia Machi 2018 hadi Septemba 2024, sura 271 katika vitabu 30. Kabla yake ilitangulia hadithi fupi ya sura nne mwaka 2017, ndiyo iliyokuja kuitwa Jujutsu Kaisen 0.

Anime inatengenezwa na studio ya MAPPA. Msimu wa kwanza una episodi 24 (Oktoba 2020 hadi Machi 2021), mwongozaji Sunghoo Park. Filamu ya Jujutsu Kaisen 0, ya mwongozaji huyo huyo, ilitoka Japani tarehe 24 Desemba 2021. Msimu wa pili una episodi 23 (Julai hadi Desemba 2023), chini ya Shota Goshozono. Msimu wa tatu ulianza Januari 2026.

Nitazame kwa mpangilio upi?

Ule uliotolewa: msimu wa kwanza, filamu, msimu wa pili, msimu wa tatu. Kuna wanaoshauri filamu iwe ya kwanza kwa sababu matukio yake yanatangulia mwaka mmoja. Hatukubaliani nao. Filamu inachukulia kwamba tayari unajua nguvu ya laana ni nini na Gojo ni nani, kwa hiyo mgeni anatoka na sura nzuri za mapigano na maelezo robo. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: kuiruka filamu kabisa. Humo ndimo unamojua Suguru Geto alikuwa nani kwa Gojo. Bila hilo msimu wa pili unakosa mzizi.

Episodi tano za mwanzo za msimu wa pili zinarudi nyuma hadi 2006, Gojo na Geto wakiwa wanafunzi. Wengi huziona kama za pembeni wakazipitia mbio mbio ili wafike Shibuya. Usifanye hivyo. Kila kinachovunjika Shibuya kilianza kupata ufa katika episodi hizo tano.

Muda: episodi moja ni kama dakika 24 pamoja na nyimbo. Misimu miwili ya mwanzo inakula karibu saa 19, filamu dakika 105. Mwaka 2023, kati ya episodi hizo tano na kuanza kwa Shibuya, zilirushwa episodi mbili za muhtasari. Hizo unaweza kuziacha.

Kuna pia filamu za mkusanyiko zilizotoka 2025, ambazo kwa sehemu kubwa zimeunganisha picha za episodi zilizokwisha kutoka. Kama umeona misimu, hujapitwa na hadithi.

Nikitaka kuendelea na manga nianzie sura ya ngapi?

Msimu wa pili unaishia karibu na sura ya 137. Rudi nyuma kidogo, anza na sura ya 136, maana anime ilipanga upya baadhi ya vipande na ukiruka mbele utapoteza mazungumzo mafupi yenye uzito. Sura hizo zimo katika kitabu cha 16.

Je, ipo kwa Kiswahili?

Tafsiri rasmi utakazokutana nazo ni za lugha kubwa za soko: Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na nyinginezo. Kwa wasomaji wa Kongo na Burundi Kifaransa kinasaidia, na kwa walio Oman na Ghuba kipo Kiarabu. Ushauri wetu: tazama kwa sauti ya Kijapani na maandishi chini. Junichi Suwabe anavyomwigiza Sukuna, sauti ikishuka taratibu kana kwamba anaonja kitu, ni nusu ya tishio lenyewe.

Pepo wa laana wanatoka wapi?

Kwa watu. Hofu, chuki, aibu na huzuni vya binadamu huvuja kama nguvu ya laana, vikajikusanya mahali, mwisho vikapata umbo. Ndiyo maana shule na hospitali zimejaa mapepo: hapo ndipo watu huja kuacha uchungu wao na hapo ndipo kumbukumbu mbaya zinaporudi. Wanajujutsu hawavujishi kwa kiasi hicho, kwa sababu nguvu yao wanaizungusha ndani ya mwili na kuitumia.

Hofu inayoshirikiwa na watu wengi huzaa pepo mwenye akili. Jogo ametokana na hofu ya ardhi, Hanami na ya misitu, Dagon na ya bahari. Mahito ametokana na chuki ya watu kwa watu, na ndiye anayechukiza kuliko wote, kwa kuwa asili yake hailegei: volkano hupoa, watu hawaachi kuchukiana.

Hapa pia ndipo ulipo ugomvi mkubwa wa hadithi. Kuua pepo ni kufuta maji bila kufunga bomba. Wahusika wawili wenye nguvu sana waliligundua hilo, na majibu waliyoyapata ndiyo yaliyowatenganisha na wenzao.

Shule yenyewe ikoje?

Ziko mbili tu Japani nzima, ya Tokyo na ya Kyoto. Ya Tokyo iko nje ya mji, milimani, na kwa macho ya umma ni shule binafsi ya kidini. Madarasa ni madogo mno. Yuji anapofika mwaka wa kwanza wanakuwa watatu: yeye, Megumi Fushiguro na Nobara Kugisaki. Mwaka wa pili wapo Maki Zenin, Toge Inumaki, Panda (ambaye ni panda kweli, kwa kiasi fulani), na Yuta Okkotsu aliye ng'ambo.

Shule hizi si za kufundishia tu. Ndizo kituo cha kazi: humo hupokelewa taarifa za mapepo, hutumwa watu, hutibiwa majeruhi. Wahitimu wengi wanaendelea kufanya kazi kupitia hapo hapo. Mwanafunzi akitumwa, huenda na msaidizi anayeshusha pazia, yaani kizuizi cheusi kinachofunika eneo ili raia wasione na pepo atoke mafichoni. Wanafunzi hawa ni wafanyakazi, na vifo vyao huandikwa kama vya wafanyakazi.

Madaraja yanamaanisha nini?

Kutoka chini: la nne, la tatu, la pili, nusu-kwanza, la kwanza, kisha daraja maalumu. Kati yake zipo nusu nyingine. Mapepo pia wana madaraja, na manga inatoa kipimo kizuri, tuseme silaha za kawaida zingewadhuru:

Daraja la nne, rungu la besiboli linatosha na kubaki. La tatu, ukiwa na bastola huna wasiwasi. La pili, bunduki ya risasi za marisawa, tena kwa shida. La kwanza, hata kifaru cha jeshi hakikuhakikishii. Maalumu, mabomu ya kutawanyika ndiyo yanakuweka sawa naye.

Mwanajujutsu wa daraja fulani anatarajiwa kumshinda pepo wa daraja lile lile. Watu hukosea hapa: wanaona mwanajujutsu wa daraja la kwanza anahangaika na pepo wa daraja maalumu wakadhani mtunzi ameharibu mizani. La hasha, hajapangiwa kumshinda. Kifo cha mapema cha kwanza kinachoshtua watazamaji, katika gereza la vijana mwezi Julai 2018, kinatokea kwa sababu hiyo hiyo: wanafunzi walitumwa mahali palipokuwa pamezidi daraja lao.

Wanajujutsu wa daraja maalumu wanaohesabiwa ni wanne tu: Gojo, Geto, Okkotsu na Yuki Tsukumo. Kupanda hadi la kwanza kunahitaji kupendekezwa na wanajujutsu wawili au zaidi, kisha kazi za majaribio. Tena daraja si nguvu pekee. Maki amebaki la nne kwa sababu ukoo wake unamzibia, si kwa sababu hawezi.

Nguvu ya laana inatumikaje? Naona wanapiga tu.

Anza na tofauti hii, mengine yatafuata. Nguvu ya laana ni kama umeme. Mbinu ni chombo kinachotumia umeme huo. Nguvu unaweza kuiongeza na kuidhibiti kwa mazoezi. Mbinu huzaliwa nayo, imechorwa mwilini, huichagui. Asiye na mbinu bado anaweza kupigana kwa kuvika ngumi yake nguvu, na Yuji anaanza hivyo.

Mafunzo yake ni mfano mzuri wa jinsi anime hii inavyofikiri. Gojo anampa filamu za kutazama, za kutisha, za kuchekesha, za ovyo, na mwanasesere wa kukumbatia aliyetengenezwa na mkuu wa shule Masamichi Yaga. Mwanasesere amelala. Nguvu ya Yuji ikizidi au ikipungua anaamka na kumtwanga ngumi. Kazi ni kutoa kiasi kile kile bila kuyumba, huku filamu inamtisha na kumchekesha. Kwa nini filamu? Kwa sababu nguvu hii huchochewa na hisia mbaya. Asiyejua kuishika huwaka akikasirika tu na kuzimika akitulia, na katika pambano la kweli atamaliza akiba dakika ya kwanza.

Halafu linakuja tatizo la pili. Mwili wa Yuji una kasi kuliko nguvu yake, kwa hiyo ngumi inafika kwanza na nguvu inafuata nyuma, mapigo mawili kwa ngumi moja. Inachanganya adui na inaonekana ya kuvutia. Aoi Todo, mwanafunzi wa Kyoto, anamwambia aiache: dhidi ya pepo wa daraja maalumu haitafua dafu, kwa sababu nguvu inayochelewa si nguvu yote. Kati ya waliomfundisha Yuji kupigana, Todo ndiye mwalimu bora kuliko waajiriwa wote, na hilo tunalisema tukijua alivyo msumbufu.

Mwako mweusi, Kokusen, unapatikanaje?

Nguvu ya laana igonge ndani ya muda usiozidi sekunde 0.000001 baada ya ngumi kugusa. Ikitokea, nafasi inapinda, nguvu inawaka nyeusi, na pigo linakuwa na uzito wa kipeo cha 2.5 wa pigo la kawaida. Kipeo, si mara mbili na nusu. Makosa haya yamezagaa.

Hakuna anayeweza kuutoa akitaka. Lakini aliyeupata mara moja huingia katika hali ambayo kudhibiti nguvu kunakuwa rahisi kama kupumua, na uwezekano wa kuupata tena unaongezeka. Ndiyo sababu huja kwa mfululizo. Rekodi ya Kento Nanami ilikuwa minne mfululizo, Yuji akaifikia alipopambana na Hanami.

Kwa nini wanaelezea mbinu zao kwa adui? Si ujinga?

Ni biashara. Jujutsu inatambua nadhiri: ukijifunga kwa sharti, unalipwa nguvu. Kumweleza adui mbinu yako ni kujiweka hatarini, na hatari hiyo inalipwa kwa mbinu kuwa kali zaidi. Mtazamaji akishaelewa nadhiri, mapigano yanaacha kuwa kelele. Ukiona mtu ana nguvu isiyoelezeka, uliza amelipa nini.

Nanami amejifunga kwa saa za kazi: ndani ya muda wake nguvu imebanwa, muda ukipita inaongezeka. Mbinu yake pia ina kipimo: anagawa shabaha kwa mstari wa sehemu kumi, na akipiga pale penye saba kwa tatu panakuwa udhaifu, hata kama shabaha ni ukuta.

Ipo nadhiri nyingine ambayo mtu hakuichagua, Tenyo Jubaku, anayozaliwa nayo. Maki alinyimwa nguvu ya laana akapewa mwili. Bila miwani maalumu hawaoni hata mapepo. Mwanafunzi wa Kyoto anayeongoza roboti aitwaye Mechamaru yeye alinyimwa mwili wenye afya, akapewa nguvu inayofika mbali.

Nadhiri unayojiwekea mwenyewe ukiivunja, unapoteza ulichopata. Uliyowekeana na mwingine ukiivunja, adhabu haijulikani itakuja kwa sura gani, na hiyo ndiyo inayoogopwa.

Kwa nini Gojo hagusiki?

Mbinu yake inaitwa Mukagen na msingi wake ni hesabu. Kati ya mkono wako na ngozi yake umbali unagawanywa, ukagawanywa tena, bila mwisho. Kadiri unavyomkaribia ndivyo unavyopungua kasi, na hufiki. Hakuna ukuta hapo.

Akiiongeza upande wa kuvuta anapata Ao, rangi ya buluu: nafasi inanyonya vitu. Akiipindua kwa nguvu chanya anapata Aka, nyekundu: inasukuma. Akizigonganisha anapata Murasaki, zambarau, misa ya kubuni inayofuta kila ilichopitia. Mbinu hii ingekuwa mzigo kwa mtu mwingine kwa sababu inakula nguvu na inahitaji udhibiti wa kina mno. Macho yake, Rikugan, yanaona mtiririko wa nguvu kwa undani kiasi kwamba upotevu unakaribia sifuri. Kitambaa alichojifunga machoni kinahusiana na hilo: macho hayo hayapumziki na yanamchosha.

Nguvu chanya tuliyoitaja hupatikana kwa kuzidisha hasi kwa hasi. Pepo ameumbwa kwa nguvu hasi, hivyo chanya ni sumu kwake. Kwa binadamu inaponya. Wanaoweza kujiponya ni wachache. Anayetegemewa shuleni kuponya wengine ni Shoko Ieiri, na ndiyo sababu humwoni mstari wa mbele.

Kupanua himaya ni nini, na mtu anajitoaje?

Ryoiki Tenkai ni kuijenga nafsi yako nje ya mwili, ndani ya kizuizi, na kuipachika mbinu yako kwenye nafasi hiyo. Faida mbili: mwenye himaya anapata nguvu zaidi, na mbinu yake inagonga bila kukosa. Hasara ni gharama kubwa, na himaya ikifungwa mbinu inaungua kwa muda, huwezi kuitumia. Ukiipanua na adui akabaki hai, wewe ndiye uliye mashakani.

Ukishikwa ndani, njia ziko chache. Panua ya kwako. Iliyosukwa vizuri zaidi itashinda. Tumia himaya sahili, duara dogo linalofuta uhakika wa kugongwa. Jivike nguvu ya laana uipokee mbinu. Au toka, jambo gumu, maana kizuizi kimetengenezwa kuwa imara kwa ndani. Kwa nje ni dhaifu, kwa hiyo msaada mara nyingi huja kwa mwenzako anayeingia. Msimu wa kwanza unakuonyesha hivyo waziwazi na Mahito, na mtazamaji makini atagundua kwa nini kutomtarajia anayeingia kulikuwa kosa la mwenye himaya.

Ishara za vidole si mapambo. Zimetoka katika mudra za Ubudha: ya Gojo ni ya Taishakuten, mungu mlinzi, ya Sukuna ni ya Enmaten, hakimu wa wafu.

Vivuli kumi vya Fushiguro vinafanyaje kazi?

Anaunda kivuli kwa mikono na mnyama anatoka. Anaanza na mbwa wawili. Wengine sharti awashinde kwa ibada akiwa peke yake. Akisaidiwa, ushindi hauhesabiki. Mnyama akiangamizwa kabisa harudi, ila nguvu yake hurithiwa na waliobaki; ndiyo sababu baada ya mbwa mweupe kufa, mweusi anakuwa mkubwa zaidi. Wa mwisho, Mahoraga, hakuna mrithi wa mbinu hii aliyewahi kumshinda. Kumwita bila kumshinda ni njia ya kufa pamoja na adui, kwa kuwa adui naye anaingizwa ndani ya ibada.

Inumaki anasema nini?

Vijazo vya wali wa kufinyanga. Maneno yake yana laana inayolazimisha anayesikia kutii, kwa hiyo anajizuia. "Shake", yaani samaki wa samoni, ni ndiyo. "Okaka" ni hapana. Akiamuru adui mwenye nguvu, koo lake linaumia mpaka damu, ndiyo maana anabeba dawa ya koo.

Je, huu ni uchawi wa kweli? Watoto watazame?

Baadhi ya vitu vina asili ya kweli katika ngano za Kijapani. Ryomen Sukuna ametajwa katika Nihon Shoki, kitabu cha kale cha historia, kama mtu wa nyuso mbili kutoka Hida. Nyundo, misumari na mwanasesere wa majani makavu wa Kugisaki vinatokana na desturi ya ushi no koku mairi, ya kwenda hekaluni usiku wa manane kumpigilia hasimu misumari kwa mfano wake. Lakini anime haifundishi utaratibu wowote. Kilichobaki ni michezo ya kubuni, na vipimo kama 0.000001 vimetungwa.

Swali la umri ni zito zaidi. Kuna kukatwa viungo, wanafunzi wanaokufa, na kisa cha kijana anayeonewa shuleni, Junpei Yoshino, ambacho kinaumiza kuliko damu yote. Kwa aliye chini ya miaka 15 tungesita, na mzazi aanze yeye kutazama episodi ya 9 hadi ya 13.

Ni kweli Kenya imo?

Imo, na si kwa mzaha. Katika filamu, Miguel ni mwanajujutsu kutoka Afrika aliye upande wa Geto, na ndiye anayepewa kazi ngumu kuliko zote: kumchelewesha Gojo usiku wa 24 Desemba 2017. Silaha yake ni kamba nyeusi inayovuruga mbinu, ambayo kusukwa kwake huchukua miongo. Inaishia vitani. Miguel anatoka hai, jambo ambalo wachache wanaweza kujisifia. Baada ya majina ya watengenezaji usizime: kuna kipande kifupi cha Okkotsu na Miguel wakila pamoja nchini Kenya, Gojo akiwajia. Hapo ndipo alipo Okkotsu wakati wote wa msimu wa kwanza anaposemwa yuko ng'ambo.

Shibuya inanichanganya. Nifuateje? (Kuanzia hapa uhondo unaharibika.)

Tazama saa na mahali vinavyoandikwa kwenye skrini. Yote ni usiku mmoja, 31 Oktoba 2018, ndani na kuzunguka kituo cha treni cha Shibuya, na hadithi inarudi nyuma mara kwa mara kuonyesha sehemu nyingine kwa saa ile ile. Mapazia nayo ni zaidi ya moja: moja linazuia raia kutoka, jingine linazuia wanajujutsu, jingine limewekwa kwa ajili ya Gojo. Ukijua nani anaruhusiwa kupita lipi, safari za kila kikundi zinaeleweka. Gojo anafika saa 2:31 usiku.

Mtego wake ni somo la masharti. Sanduku la Gokumonkyo linamfunga mtu endapo atakaa ndani ya mita nne kwa dakika moja. Nani amshike Gojo dakika moja? Lakini dakika hiyo inahesabiwa akilini mwa mfungwa. Anatokea mtu mwenye sura ya Geto, ambaye Gojo alimuua mwenyewe, na kumbukumbu za miaka mitatu zinapita kichwani kwa papo. Dakika imetimia. Kabla ya hapo alikuwa amepanua himaya kwa sekunde 0.2 tu, kiasi alichokadiria raia watakihimili, kisha akaua karibu watu elfu moja waliobadilishwa na Mahito ndani ya sekunde 299. Aliyemfunga si Geto. Ni mwingine anayeishi ndani ya maiti yake. Ukikosa filamu na episodi za 2006, kipande hiki ni mtu amesimama kama gogo bila sababu.

Himaya ya Sukuna usiku ule ilikuwa na nusu kipenyo cha mita 140, na anaweza kufika 200. Haina ukuta. Anaiacha wazi ili adui awe na njia ya kutoroka, na hilo ndilo sharti linalomlipa ukubwa huo.

Mchezo wa mauaji wa msimu wa tatu una sheria gani?

Andika hizi pembeni kabla hujaanza. Aliyeamshiwa mbinu lazima ajiandikishe katika eneo mojawapo ndani ya siku 19, la sivyo mbinu yake inaondolewa, na kuondolewa huko ni kifo. Asiye mchezaji akivuka mpaka wa eneo, tayari ni mchezaji. Pointi hupatikana kwa kuua: kwa kawaida tano kwa mwanajujutsu, moja kwa asiye mwanajujutsu. Pointi 100 zinanunua haki ya kuongeza sheria mpya. Na alama zisipobadilika kwa siku 19, mbinu inaondolewa.

Sheria ya pointi 100 ndiyo ya kutazama. Wahusika wetu hawaingii kuua; wanaingia kutafuta mwenye pointi za kutosha wamshawishi aongeze sheria inayowafaa.

Nimemaliza, nitafute ipi inayofanana?

Kama ulichopenda ni shule na kijana aliyebeba uovu ndani yake, Ao no Exorcist ya Kazue Kato: mwana wa Shetani anasomea kazi ya kupunga mapepo katika chuo cha True Cross. Kama ulipenda wanafunzi kwenda kazini kwa ushirika na ucheshi, Soul Eater ya Atsushi Okubo, yenye shule ambamo mmoja ni silaha na mwenzake ni mshika silaha. Ila mwisho wa anime yake uliachana na manga. Na kama unataka ulimwengu huu huu, Jujutsu Kaisen Modulo ilianza Septemba 2025, Akutami akiandika na Yuji Iwasaki akichora. Usiifungue kabla hujamaliza sura ya 271.